REDIO MPYA NA MFUKO WA MFANYAKAZI

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya halmashauri katika mkutano wa wanachama, Voi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya redio. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi na redio, wapi na wapi? Kazi yetu ni mishahara, nyumba, saa za kazi na likizo. Twajibu kwamba redio hununuliwa kwa mshahara, na betri zake hununuliwa kwa mshahara. Jambo lo lote litakalomlazimu mfanyakazi kutia mkono mfukoni ni jambo la chama, hata likija limevaa jina zuri la maendeleo.

Habari zenyewe ni hizi. Katika nchi kadhaa redio ya FM tuliyoizoea imeanza kuachwa, na mahali pake imewekwa redio ya dijitali. Maneno hayo yamekwisha kufika Afrika, na wako wasemao kwamba wananchi wataipokea mara moja kama walivyoipokea simu ya mkononi. Sisi tuna shaka. Twataka kueleza shaka hiyo imetoka wapi, kisha tuseme tunalolitaka.

REDIO HIYO NI KITU GANI?

Redio ya FM hupeleka sauti kwa mawimbi, na kila stesheni ina masafa yake. Redio ya dijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, na mtambo mmoja huweza kubeba stesheni kumi au zaidi kwa pamoja katika masafa yale yale. Mtindo uliotumika sana Ulaya huitwa DAB. Uko mwingine uitwao DRM, ambao India imeutia katika mitambo yake mingi.

Wanaoisifu redio hii wana haki katika mengi. Katika miji mikubwa masafa ya FM yamejaa, hata anayetaka kufungua stesheni mpya hapati nafasi. Kurusha stesheni nyingi kwa mtambo mmoja hula umeme kidogo kuliko kuzirusha moja moja. Sauti yake ni safi, na maandishi huweza kuonekana kwenye kioo cha redio. Hayo hatuyapingi.

Lakini redio yako ya FM haiwezi kuyasikia matangazo hayo hata kidogo. Lazima chombo kipya. Mwenye mnara hununua mtambo mmoja, na wasikilizaji hununua vyombo kwa mamilioni. Ndiyo maana twasema kwamba gharama kubwa ya mabadiliko haya haiko juu ya mlima kwenye mnara. Iko chini, nyumbani kwa watu.

REDIO YA SUFURIA

Tuanze na habari ya zamani, maana yatuonyesha jinsi chombo kinavyofika mikononi mwa watu. Mwaka 1941 stesheni ya Lusaka ilianza kutangaza, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo sasa ni Zambia. Ilisema na wananchi kwa lugha zao, lakini wananchi walio wengi hawakuwa na redio. Redio za siku hizo zilikuwa kubwa, ghali, na zilitaka umeme au betri nzito.

Mkuu wa idara ya habari ya huko, Bwana Harry Franklin, aliwaendea watengenezaji wa Uingereza akiwasihi watengeneze redio ndogo kwa watu wa kipato kidogo. Wengi walikataa. Mwishowe kampuni ya Ever Ready ilikubali, na mwaka 1949 ikatoka redio ambayo sanduku lake lilikuwa sufuria ya aluminiamu isiyo na mpini, iliyopakwa rangi ya buluu. Watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5, ikidumu kama saa 300. Katika miaka michache ziliuzwa kama 50,000.

Tazameni mambo matatu, ndugu. Chombo kilikatwa kwa kipimo cha mnunuzi. Betri ilihesabiwa tangu mwanzo, haikuachwa iwe taabu ya mwenye redio. Na matangazo yalikuwapo tayari, kwa lugha za watu wenyewe, kabla mtu hajaambiwa anunue.

Baadaye ikaja transista. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954, na bei yake ilikuwa karibu dola 50. Bei ikashuka mwaka hata mwaka. Hapa Kenya watu walisikiliza Sauti ya Mvita kutoka Mombasa, kisha Sauti ya Kenya baada ya mwaka 1964, kwa redio iliyoweza kutundikwa msumarini jikoni au kufungwa kwenye baiskeli. Hakuna askari aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwaamuru watu wanunue transista. Walinunua kwa sababu ilikuwa nafuu, iliwafaa, na ilikuwa na kitu cha kusikiliza.

REDIO ILIYOTOKA ANGANI

Sasa tuitazame redio ya dijitali yenyewe, maana si kweli kwamba ni ngeni kwa Afrika. Imekwisha kuja mara moja. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti iitwayo AfriStar mwezi wa Oktoba 1998. Mwaka uliofuata ilianza kutangaza moja kwa moja kutoka angani, Afrika nzima, sauti safi na stesheni nyingi. Nia yake ilikuwa njema: kumfikishia habari na elimu mtu aliye mbali na mnara wo wote. Hapa Kenya hata vipindi vya masomo vya shule vilipitishwa katika setilaiti hiyo.

Ikawaje? Chombo kilipotoka kilikuwa na bei ya dola 200 na zaidi. Antena yake ilitaka kuelekezwa penye anga wazi, kwa hiyo haikupenda kukaa ndani ya nyumba kama redio nyingine. Baadaye stesheni nyingi zikatakiwa kulipiwa ada. Mnamo Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama huko Marekani kwa sababu ya madeni. Waliokuwa wamenunua vyombo wakabaki na mashine ambayo sehemu yake ya setilaiti imekuwa bubu. Wale waliokuwa na redio ya kawaida ya FM hawakupoteza hata senti.

Hatuisimulii habari hii ili kuicheka kampuni iliyoanguka. Twaisimulia kwa sababu chombo kilichokuja na ahadi nzuri kilishindwa katika mambo yale yale ambayo redio ya sufuria ilishinda: bei, matumizi, na uhakika wa kwamba kesho kutakuwa na mtu wa kutangaza.

VING'AMUZI

Mtu atasema: lakini televisheni ilibadilika, na watu wakanunua ving'amuzi. Ni kweli. Matangazo ya televisheni ya dijitali yalizinduliwa Kenya mwezi wa Desemba 2009. Tarehe ya kuzima mitambo ya zamani iliahirishwa zaidi ya mara moja, na jambo likafika mpaka Mahakama ya Juu. Mnamo Februari 2015 mitambo ya zamani ilizimwa katika Nairobi na sehemu za karibu. Kwa zaidi ya wiki mbili stesheni kubwa nne, NTV, KTN, Citizen na QTV, hazikuonekana, kwa kuwa wenyewe waligombana na serikali juu ya nani atabeba matangazo yao. Zilirudi mapema mwezi wa Machi.

Sasa angalieni tofauti. Kwanza, watu hawakununua ving'amuzi kwa kuvipenda. Walinunua kwa sababu picha ilizimwa, na asiyekuwa na fedha alibaki na kioo cheusi. Kulazimishwa ni jambo moja na kupokea ni jambo jingine, na hesabu ya ving'amuzi vilivyouzwa haimwonyeshi mtu tofauti hiyo.

Pili, televisheni ni moja nyumbani, imekaa mahali pamoja. Unaweka kisanduku pembeni, unaunganisha waya, imekwisha. Redio je? Redio iko jikoni kwa mama. Redio iko katika kibanda cha bawabu. Redio iko ndani ya lori lililoegeshwa Voi usiku, likitoka Mombasa kwenda Malaba. Redio iko mfukoni mwa mkata mkonge, ndani ya simu ya kabambe, waya wa masikioni ukiwa ndio antena yake. Utavifunga ving'amuzi vingapi?

Tatu, televisheni ilibanwa na mapatano ya nchi nyingi yaliyofanyika Geneva mwaka 2006, yaliyoweka Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa mitambo ya zamani. Mapatano hayo hayakuamuru FM izimwe. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba dunia imetupangia siku ya kuzima redio zetu, tumwombe atuonyeshe karatasi.

GARI LA JAPANI

Madereva waliomo humu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japani. Huko FM yao ilianza masafa ya 76 na kuishia 90, na kwetu huanza karibu 88 mpaka 108. Kwa hiyo matatu inashuka melini Mombasa ikiwa na redio nzuri, lakini stesheni nyingi haizipati. Mwenye gari hana budi kununua kifaa cha kuyashusha masafa, au kung'oa redio na kutia nyingine.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2020, gari jipya lililotiwa redio lazima liweze kupokea redio ya dijitali. Hilo limesaidia sana kueneza DAB huko, maana mtu hununua gari na redio imo. Lakini Japani haikuufuata mtindo wa DAB. Basi nchi inayopata magari yake kutoka Japani isitazamie kwamba redio mpya zitaingia kwa mlango wa magari. Dereva atainunua mwenyewe, juu ya bei ya gari.

ULAYA WENYEWE WAMECHUKUA MIAKA MINGAPI?

BBC ya Uingereza ilianza matangazo ya DAB mwezi wa Septemba 1995. Vyombo vya kwanza vilikuwa vya bei ya mamia ya pauni. Mpaka mwaka 2002 ndipo ilipotoka redio ya DAB ya chini ya pauni 100. Mwaka 2013 serikali yao ilitazama hesabu ya wasikilizaji, ikaona wakati wa kuhama bado haujafika. Na nchi hiyo ina umeme katika kila nyumba, na mishahara isiyofanana na yetu.

Finland ilijaribu DAB ikaiacha mwaka 2005. Shirika la utangazaji la Ireland lilizima mitambo yake ya DAB mwaka 2021, na FM ikaendelea. Norway ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuzima FM ya stesheni za taifa, mwaka 2017. Sababu yao ilikuwa na maana, maana nchi yao ni ya milima na kuirusha kila stesheni kwa FM ni gharama kubwa. Hata hivyo, kura ya maoni ya gazeti la Dagbladet, mwezi wa Desemba 2016, ilionyesha kwamba watu 66 katika kila 100 walipinga. Na stesheni nyingi ndogo za mitaa ziliachiwa FM yao.

Wenye fedha wamesitasita hivyo, na sisi tuambiwe tutakimbilia?

HAPA KWETU

Tuje nyumbani. Kwanza milima. Juu ya Vuria, mita 2,200 na zaidi, minara imesimama, lakini mawimbi hayapindi kona kama mtu. Anayetoka Mwatate kupanda Wundanyi ajua jinsi stesheni zinavyopotea na kurudi. FM ikidhoofika hukwaruza, lakini sikio huweza kulidaka neno. Dijitali ikidhoofika kupita kiasi hukatika kabisa, kimya. Dawa yake ni minara mingi midogo mabondeni na nyuma ya vilima, Sagalla, Kasigau, Bura, Maktau, mpaka Taveta. Je, itajengwa huku mapema, au itajengwa Nairobi na Mombasa, kisha sisi tuambiwe tungoje?

Pili betri. Redio ya dijitali ina kazi kubwa zaidi ndani yake kuliko redio ndogo ya FM, na kwa kawaida hula betri zaidi. Kwa mtu aliye na umeme si neno. Kwa mtu anayelala shambani au anayechimba mawe ya thamani porini ni gharama ya kila wiki.

Tatu bei. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua wa shamba kuwa shilingi 7,997 na senti kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, ni kama shilingi 307 kwa siku. Leo redio ndogo ya FM hupatikana kwa shilingi mia kadhaa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba redio mpya itauzwa shilingi 3,000. Hizo ni siku kumi za kukata mkonge, kununua kitu ambacho mtu anacho tayari.

Wako wasemao kwamba redio zinakufa hata hivyo, kwa kuwa watu wamehamia simu. Ni kweli kwamba hesabu ya watu ya 2009 ilizikuta nyumba 74 katika kila 100 nchini zina redio, na ile ya 2019 ilizikuta karibu 57 zenye redio ya peke yake. Lakini wako waliohamia FM iliyo ndani ya simu. FM izimwe, na simu hizo nazo zitanyamaza. Na kusikiliza kwa mtandao kunataka bando. Redio ya hewani haimwulizi mtu bando. Mmoja husema na maelfu husikia, na aongezekaye kusikiliza hamwongezei mwingine gharama.

Tusisahau redio yatufaa nini. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na ndovu hawaji kwa barua. Habari za ndovu walioingia mashambani, za mvua na ukame, za barabara iliyokatika, za msiba na mahali pa maziko, watu huzipata kwa redio, tena kwa Kidawida na Kiswahili. Hotuba ya Siku ya Wafanyakazi, inayotaja nyongeza ya mshahara, wengi wetu tumeisikia kwa redio. Mtu akikatiwa redio amekatiwa hayo yote, na hakuna gazeti litakalomfikia siku ile ile.

TUNALOLITAKA

Ndugu wanachama, hatusemi redio mpya isije. Na ije, kando ya FM. Ikiwa ni nzuri kama wasemavyo, watu wataifuata kama walivyoifuata transista. Lakini halmashauri yawaomba mkubali maneno haya, yapelekwe kwa viongozi wetu wa juu na kwa Mamlaka ya Mawasiliano:

1. FM isizimwe kwa tarehe iliyoandikwa ofisini. Izimwe tu, ikibidi kuzimwa, baada ya kuhesabu nyumba zenye chombo kipya kinachofanya kazi, na hesabu hiyo ifanywe katika kila kaunti. Wingi wa redio za Nairobi usiwe sababu ya kuzima ya Taveta.

2. Chombo kipya, pamoja na betri zake, kipimwe kwa ujira wa siku wa mfanyakazi wa chini. Kodi ya vyombo hivyo ipunguzwe kabla ya kuanza, isingoje watu walie.

3. Kila redio mpya inayouzwa nchini iweze kupokea FM pia, ili asiwepo mtu wa kubaki na mashine bubu kama wale walionunua vyombo vya setilaiti.

4. Ada ya kubebwa katika mtambo wa pamoja isiwe kubwa hata ikaziua stesheni ndogo zinazosema lugha za hapa. Humo mna watangazaji na mafundi, nao ni wafanyakazi kama sisi.

5. Mafundi wa redio wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wafunzwe kazi hiyo mapema. Chombo kisichoweza kutengenezwa karibu na mwenyewe si mali, ni hasara iliyoahirishwa.

Kwa upande wetu tuna kazi moja. Kila mwakilishi, katika kila kambi, karakana, hoteli na stendi ya magari, aandike ni wenzake wangapi wana redio, wangapi husikiliza kwa simu, wangapi hutumia betri, na stesheni gani hupatikana vizuri mahali pao. Orodha hizo ziletwe ofisini kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Siku tutakapoitwa kutoa maoni tusiende na manung'uniko matupu. Twende na hesabu yetu wenyewe, iliyotoka kwa watu wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo maneno tuliyotumwa kuyasema. 

Umoja ni nguvu.